Kamba Juu ya Tembe

Nilikuwa nachekecha udongo pale karibu na Chemba, kwa wataalamu wa mambo ya kale. Wanaume wanachimba, sisi wanawake tunachekecha, vigae huku, mifupa kule. Mtaalamu mmoja alikuwa mama wa Kijapani, Kiswahili anakijua kiasi chake. Wakati wa chai akatuonyesha kwenye simu kijiji cha kale cha kwao kilichofukuliwa: nyumba za duara, makaburi katikati yake, na kando ya mlango mmoja chungu kimefukiwa.

"Ndani ni mtoto mchanga," alisema. "Mama yake alipita hapo kila siku."

"Kumbe Wajapani ni ndugu zetu!" mwenzangu akacheka.

Mimi sikucheka. Kwetu kichanga ambacho hakijaota meno huzikwa na wanawake peke yao, nyuma ya nyumba, na mwanamume haambiwi mahali. Wangu alizikwa hivyo na mama mkwe, mimi nikiwa ndani sijiwezi. Ile nyumba yetu ya tembe, ya udongo hadi paa, ilishaanguka zamani, na asubuhi ile kamba ya kupimia shimo jipya ilikuwa imevutwa juu yake.

Nikisema, nimevunja mwiko. Nikinyamaza, sururu inapita. Nimtendee haki msimamizi wa uchimbaji: aliuliza wazee wote kama pana makaburi, wakasema hakuna. Hawakudanganya. Ni wanaume, watajuaje?

Nikamfuata mama mkwe.

"Shikamoo mama. Wamefika kwenye tembe."

"Marahaba. Wamefika upande gani?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza."

Akaja na fimbo yake. Akamwambia msimamizi, "Baba, niache nipumzike hapa," akaketi ndani ya kamba. Akainuka, akaketi pengine. Kisha pengine tena.

"Mlango ulitazama wapi vile?" akaninong'oneza.

Mimi nilidhani yeye anajua. Yeye alidhani mimi nakumbuka.

Mjapani alitutazama. Aling'oa vigingi vya kamba, akavisogeza mbali na pale mama mkwe alipoketi mwisho.

"Bibi kakaa tu, ndiyo tuhame?" msimamizi akalalamika.

"Tuhame."

Huenda alielewa, huenda alimhurumia mzee tu. Na sijui kama kamba ilimkwepa mtoto au ilimfuata. Nilirudi kwenye chekeche langu, na kila kilichobaki juu ya wavu nilikigusa kwanza kwa kidole, polepole, kabla sijamwita mtu.