Breki za Projest wa Mabira Zashika Tena

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia migomba ya Mabira, na Projest Byabato amepiga magoti uani kwake juu ya majani makavu. Mbele yake ziko ngoma nne za breki za lori. Nje zimepakwa rangi nyeusi. Ndani ni chuma kitupu. Anachovya kitambaa cheupe katika petroli, anafuta ndani ya ngoma ya kwanza, anakiinua kitambaa na kukitazama, kisha anafuta tena.

"Unatafuta nini humo?" anamuuliza Desderius, dereva wa lori hilo, ambaye ameketi kwenye kigoda akinywa uji. "Kitambaa kimetoka cheupe mara tatu."

"Natafuta usingizi wangu," anajibu Projest bila kuinua kichwa. "Uliniponyoka miezi minne iliyopita."

Leo ni siku ya majaribio. Mwenye lori, mfanyabiashara wa Bukoba, amekubali kazi ya Projest ifungwe tena katika gari lake kwa sharti moja: lori literemke kwanza mlima wa Murongo likiwa tupu, na fundi mwenyewe awe ndani. Breki zikishika, kazi itarudi. Zisiposhika, hakuna haja ya kueleza mengi, kwa kuwa chini ya mlima ule unapita Mto Kagera.

Projest ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Ni mkulima wa ndizi na kahawa, na aliwahi kuwa utingo kwa miaka sita. Huko barabarani ndiko alikoona jinsi mvua za masika zinavyoyafungia malori wiki nzima katika matope, na jinsi kutu inavyokula sehemu za breki. Ngoma ni kama bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake viatu viwili vya chuma, vilivyovikwa bitana ngumu, hutanuka na kuibana mpaka gari lisimame. Kutu ikiingia humo, breki hukwama au huvuta upande mmoja, na ngoma mpya huweza kusubiriwa mwezi mzima.

Ndipo mwaka 1951 alipoanza kuzisafisha nyumbani. Huzilaza siku tatu katika machicha ya rubisi iliyochacha, kwa maana ukali wa pombe hiyo ya ndizi hulegeza kutu. Huzisugua kwa brashi ya waya na msasa, huziosha, huzikausha juani, kisha hupaka rangi sehemu za nje tu. Kwa magurudumu manne hulipwa shilingi kumi na tano, na katika mwezi mzuri hupata malori mawili.

"Mara ya kwanza nilidhani ananitania," anasema Desderius. "Nikawaambia wenzangu, gari langu limepelekwa kilabuni."

Mkewe, Anatolia, aliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima kanisani, huandika vibao vidogo vya mti na kuvifunga kwenye kila ngoma: MBELE KUSHOTO, NYUMA KULIA. Hakuna gari lililowahi kurudishiwa ngoma ya upande usio wake.

Kosa lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Mama yake Projest, Bibi Kokubanza, ni binti wa mhunzi. Katika nyumba aliyolelewa, mkuki au jembe halikuwekwa ndani kabla ya kupakwa siagi ya ng'ombe, na kuacha chuma kikavu kilikuwa uvivu wa kuaibisha mbele ya wageni. Siku ile, miezi minne iliyopita, Projest alikuwa amekwenda mazishini Rugera. Ngoma zilikuwa tayari, zimefungwa katika majani makavu ya migomba, zikimngoja dereva.

"Nilifungua nikaona nje kuzuri, ndani kuko uchi," anasimulia Bibi Kokubanza. "Nikasema, mwanangu amechoka, amesahau. Nikampakia siagi vizuri, ndani kote, nikafunga tena kama nilivyokuta."

Desderius alifika jioni, akazifunga kwa haraka, akaona mng'ao, akadhani ni ufundi. Kesho yake lori lilipakia magunia ya kahawa na watu tisa. Kwenye mteremko wa kwanza, abiria wa juu walianza kuulizana ni nani aliyebeba chakula, maana walisikia harufu ya samli ikikaangwa. Desderius alikanyaga breki na mguu ukafika chini bila gari kupunguza mwendo. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akaligongesha lori kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Magunia sita yalipasuka, na kahawa ikamwagika barabarani.

"Nilipoifungua ile ngoma," anasema dereva, "nilikosa ndizi tu za kuchovya."

Projest hakucheka. Bitana zote zilikuwa zimekunywa siagi, hazikuweza tena kubana, zikatupwa. Madereva wengine wakapita nyumbani kwake bila kupiga honi. Binti yake Xaveria alikosa muhula mmoja wa shule. Lakini lililomtesa zaidi lilikuwa jambo la mama yake, ambaye tangu siku ile hakugusa chuma chochote, hata jembe. Magugu yaliota mlangoni pake naye akiyatazama.

"Nilimwambia, Mama, hukunikosea, ni mimi sikukufundisha," anasema Projest. "Akanijibu, mwana wa mhunzi hafundishwi chuma na mtoto wake."

Saa mbili ngoma zimefungwa. Desderius anawasha gari. Bibi Kokubanza anatoka ndani akiwa amevaa kanga yake ya kanisani, anakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa lori.

"Bibi, shikamoo, unakwenda wapi?" anauliza dereva.

"Marahaba. Nakwenda mnakokwenda."

"Mama, rudi ndani," anasema Projest. "Sharti ni mimi peke yangu."

"Mwenye gari alitaka fundi awemo. Mwenye kosa je, abaki akipika? Sogea."

Projest anampisha. Bibi huyo, ambaye hajawahi kupanda gari maishani mwake, anakaa katikati ya wanaume wawili, mikono yote miwili juu ya magoti.

Juu ya mlima wa Murongo, Desderius anasimamisha gari na kuvuta pumzi. Mto unaonekana chini, na ng'ambo yake ni Uganda. Lori linaanza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza anakanyaga breki. Lori linanyenyekea na kusimama. Dereva anatoa pua dirishani, ananusa kwa makusudi.

"Kuna mboga?" anauliza Projest kwa sauti kavu.

"Leo hatuli."

Dereva anasimamisha tena katikati ya mteremko, na mara ya tatu karibu na chini, baada ya kuliachia gari likimbie. Magurudumu manne yanashika kwa pamoja, bila kuvuta kushoto wala kulia. Projest anafungua mlango, anashuka, na kukaa kwenye majani kando ya barabara. Mabega yake, ambayo tangu alfajiri yalikuwa yamepanda masikioni, yanashuka.

"Mbona mmesimama?" anauliza Bibi Kokubanza kutoka ndani. "Nilikuwa nimeanza kuzoea."

Desderius anacheka mpaka anaegemea usukani. Anasema atampelekea mwenye lori habari kesho, na kwamba madereva wawili wa machimbo ya bati ya Kyerwa wamekuwa wakisubiri jibu la leo ili walete ngoma zao.

Projest anakusudia kujenga banda kando ya barabara kabla ya masika, lenye mlango na komeo, na Xaveria arudi shuleni muhula ujao. Mama yake ana mpango wake. Anataka kazi ya kuondoa kutu ya nje na kupaka rangi iwe yake.

"Nje ni kwangu," anasema, akishikwa mkono kushuka garini. "Ndani ni kwake. Na wewe, Projest, inuka hapo, twende nyumbani. Kutu haina Jumapili."