Kuku Walipona, Shangazi Akafukuzwa

Katika utoto wangu kule Kasha, enzi za Zaïre, watu waliamini kwamba kuku akiota weupe kichwani, basi mwenye nyumba ni mlozi, mchawi anayelisha wafu. Leo mtu akinisimulia hivyo huku anacheka, mimi sicheki. Nakasirika.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Shangazi Nabintu, dada mkubwa wa papa, baba yangu, alikuwa amerudi kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Miaka mingi alifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Mudaka, walikokuwa wakichemsha majani ya citronnelle, yaani mchaichai, na kukusanya mafuta yake. Alirudi na chupa ndogo ya mafuta hayo. Ukiifungua tu, nyumba nzima ilinukia.

Kuku wetu wakaota weupe kama unga wa muhogo kwenye kilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani, na manyoya ya shingo yakaanza kudondoka. Jirani yetu, maman Faida, akaacha kupita uani kwetu. Shangazi hakujali.

"Haiko bulozi," aliniambia. "Ni ukungu, sawa ule wa mukate. Unakamata ngozi."

Alichanganya matone machache na mawese mengi. Mimi nilishika kuku, yeye akapaka kwa kitambaa, akiepuka macho. Kila asubuhi, wiki baada ya wiki, mpaka vilemba vikawa vyekundu tena.

Halafu kuku wa maman Faida nao wakashikwa. Shangazi angeweza kunyamaza. Alikwenda mwenyewe na chupa yake, nami nyuma yake, akawapaka mpaka wakapona. Maman Faida alimshukuru sana, akatupa ndizi.

Mwezi haukuisha, mtoto wake mchanga akafa kwa surua.

Matanga hayajamalizika, watu wakajaa uani kwetu. Maman Faida alikuwa mbele, kitenge kimemlegea, sauti imemkauka.

"Ulitoa ugonjwa kwa kuku, ukaweka kwa mutoto wangu! Mwenye anajua kuutoa, ndio mwenye aliutia!"

Shangazi alimgeukia papa. "Uwaambie, ndugu yangu. Wewe ndio ulimuona ule mutoto."

Papa alikuwa infirmier, yaani muuguzi. Yeye ndiye aliyempima mtoto yule, na jioni mezani alituambia ni surua. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa alisimama mlangoni na blouse yake, lile koti jeupe la kazi, akitazama chini.

"Mimi sijue mambo ya kuku," akasema.

Waliwapiga kuku wetu kwa fimbo, wakawaua mpaka wa mwisho. Shangazi alifunga nguo zake chache, akaondoka kwa miguu. Mama alinishika mkono kwa nguvu nisimkimbilie. Tulisikia baadaye kwamba alifika Luberizi, akawa anapalilia mpunga wa watu, na huko ndiko alikofia.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza papa kwa nini.

"Wangesema tuko walozi wawili," akajibu, kisha akaomba chai.

Maman Faida nilikwisha kumsamehe. Alikuwa amezika mtoto, na hakuna aliyemweleza kilichomuua. Papa alikijua. Nilimzika papa kwa heshima, nikamlilia, maana alinilea vizuri. Lakini pale makaburini watu waliposimama mmoja mmoja kusema alikuwa mtu wa amani, asiyegombana na yeyote, nilibana meno. Walisema kweli. Hakugombana na yeyote.