Kamera ya Kuinama

Karani wa forodha aliyekuwa akihamishwa kutoka Lamu alikuja dukani kwangu, akaniambia tubadilishane kamera, yake kwa yangu. Yeye alipenda kupiga picha za wadudu na maua, vitu vya kusogelewa, na yake haikuweza kukaribia hivyo. Yangu iliweza. Akaniachia yake niijaribu. Ijumaa angepanda meli, na jibu alilitaka kabla ya hapo.

Yangu ilikuwa ya kioo. Unaitundika kifuani, unainamisha kichwa kama mtu anayechambua mchele, na ndani ya kioo unamwona uliyemlenga, kulia kwake kumekuwa kushoto. Ukibonyeza, kioo kinajiinua kwa kishindo, kisha giza tupu mpaka usogeze filamu. Nilikuwa nimeichoka. Ya karani unaiweka jichoni, ukamtazama mtu moja kwa moja kupitia kidirisha. Sura yake inaonekana mara mbili, unazungusha lenzi mpaka sura mbili zinakuwa moja, basi. Ilikuwa nyepesi, na mlio wake ulikuwa mdogo mno. Siku tatu nilizunguka nayo nikijiona bwana harusi. Nilifika nayo hadi Mbwajumali, nikawapiga wavuvi wakisuka madema ya kunasia samaki, na hakuna aliyegeuka. Moyoni nilishakata shauri.

Siku ya nne mke wangu akaniambia kuwa mamake amepata nafasi ya kwenda Hija akifuatana na kaka yake mwenyewe, na pasi inataka picha ya uso wazi. Mkwe wangu hakuwahi kupigwa picha maisha yake. Mumewe alikuwa marehemu, mtoto wa kiume hakuwa naye, na kufunua uso mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hakutaka hata kusikia. Mpiga picha aliye maharimu wake nilikuwa mimi peke yangu. Kwa dini hapakuwa na kizuizi. Shida ilikuwa haya. Miaka sita ya ndoa yangu nilimwamkia nikitazama mkeka, naye akaniitikia akitazama mlango. Na picha isipopatikana, makaratasi yake yasingeondoka na meli ile ya Ijumaa, na Hija ya mwaka ule ingempita. Alikuwa ameingoja tangu ujana.

Alikaa kwenye kiti uani, mchana kweupe. Nikaiweka kamera ya karani jichoni. Zikanijia sura zake mbili, na macho manne yakinitazama. Nilizungusha lenzi huku na huku, sura zikakataa kukutana, maana kila nilipofika machoni pake nilikimbilia ukutani. Naye akavuta mtandio akajifunika. Nikajaribu tena, akajifunika tena. Mke wangu, aliyesimama nyuma yangu, alicheka mpaka ikabidi aingie ndani. Mara ya tatu mamake akasema kwa sauti ya chini:

"Usinikazie mato, mwanangu. Leta ile yako ya kuinama kitwa."

Nikaileta. Nikaitundika kifuani, nikainama kama nilivyoinama mbele yake miaka yote, naye akatulia. Ndani ya kioo kile kidogo nikamwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa na ile namna ya kubana mdomo wa chini anapozuia kicheko, ambayo siku zote nilidhani ni ya mke wangu peke yake. Nilimpenda pale pale. Nikaona haya kwamba miaka sita nilimheshimu tu, basi. Nikakawia kubonyeza, nikisingizia mwanga.

"Umeshaniona?" akauliza.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

Alhamisi nilimrudishia karani kamera yake. Alipouliza sababu nikamwambia ni ya kifamilia, akanitazama kama mwendawazimu, na kwa kweli kamera yake ilikuwa bora. Mkwe wangu alihiji akarudi salama, na tukaendelea kuamkiana vilevile, macho chini. Lakini kila Idi alimtuma mke wangu aniambie kwamba ile picha ya pasi haikutoka vizuri, niende tena na kamera.