Jina la Brashi

Fundi Spoku alikuwa na msemo mmoja aliowachosha nao wateja wote: "Jina halikanyagi pedali." Ukimwuliza kama baiskeli za bei mbaya, zile zinazokaa dukani nyuma ya kioo, zina thamani ya pesa zake, alikujibu hivyo kabla hujamaliza swali, kisha akacheka peke yake. Ulimi wake haukuwa na breki. Alitafuta fremu huku na magurudumu kule, akakuungia baiskeli nzima kwa robo ya bei ya dukani. Na kama ulitaka kujitapa mtaani, alikuwa na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Angekuandikia bure jina kubwa lolote ulitakalo, herufi zimenyooka kiasi kwamba hata mwenye kiwanda angebabaika.

Siku hizi msemo huo hausemi tena. Wanaousema ni wengine, na kila wakiusema yeye hugeukia ukuta.

Ukutani, nyuma ya matairi chakavu, imetundikwa baiskeli iliyokatika foki, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kengele yake imelegea. Lori likipita, karakana hutetemeka na kengele hulia kidogo, mlio wa mtu anayeomba njia. Huu ni mwaka wa nane inaomba njia. Angeweza kuifungua kwa dakika moja, spana anayo, lakini mkono unamgomea.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya rafiki yake, tarishi wa ofisi ya maji. Walikuwa chanda na pete. Tarishi aliitamani moja ya nyuma ya kioo, Spoku akamcheka. "Utalipia maandishi, ndugu yangu? Nipe siku mbili." Akamwungia ya kwake, akaandika jina kubwa kwenye fremu, na kwa madoido akaliandika tena kwenye miguu yote miwili ya foki. Walicheka mpaka wakatokwa machozi. Wakakubaliana kwamba hata mke wa Tarishi asiambiwe.

Sasa, Spoku alikuwa na desturi yake. Foki haikutoka mkononi mwake mpaka aigonge kwa spana na kuisikiliza. Chuma kizima hulia wazi. Chenye ufa hutoa sauti nzito, kama chungu kilichopasuka. Aligonga kwanza, rangi baadaye. Ila ile ya Tarishi, kwa hamu ya mzaha, alianza na herufi. Asubuhi Tarishi akafika mapema kuliko walivyoagana, rangi bado mbichi. Spoku alishika spana, akazitazama herufi zake, akairudisha spana mezani. Hakutaka kuziharibu.

Wiki ya tatu foki ilikatika kwenye mteremko wa kinu cha unga, mchana kweupe. Tarishi hakuinuka tena. Spoku alipopinda mgongo kuutazama mkato wa chuma, aliona nusu yake ina kutu ya zamani. Ufa ulikuwepo tangu mwanzo.

Msibani watu walitikisa vichwa. "Hata ya jina kubwa imekatika! Fundi, ulisema kweli." Brashi yake ikamtetea, naye akanyamaza. Kimya cha siku moja kikawa cha wiki, cha wiki kikawa cha miaka. Mjane alimwachia mabaki ya baiskeli kwa sababu, alisema, hakuna aliyempenda marehemu kama yeye. Na kila Spoku alipokwenda kumjulia hali, alikalishwa kwenye kiti cha marehemu. Kila mara alikikalia ukingoni tu.

Jumanne moja, alasiri, binti wa Tarishi aliingia karakanani akiwa na sare yake nyeupe ya uuguzi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Za kazini?"

"Nzuri. Wamenihamishia zahanati ya kule ng'ambo ya kinu, nataka baiskeli. Dukani wananishawishi nichukue ya bei, nikawacheka. Baba si alinunua ya bei? Ilimfikisha wapi? Niungie yako. Jina halikanyagi pedali, au sivyo?"

Lori likapita. Kengele ikalia.

Spoku alitaka kusema ndiyo. Neno lenyewe lilishafika kwenye meno. Aliogopa kumpoteza huyu anayemwita baba mdogo, na ile nyumba pekee inayomfurahia akibisha hodi. Lakini aliuona ule mteremko, na safari hii aliyekuwa akiushuka amevaa sare nyeupe.

Akaitungua baiskeli, akaichomoa ile foki iliyokatika, akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua. Alisugua kwa nguvu mpaka herufi zikalainika na kubaki uchafu kitambaani.

"Hii haikutoka dukani," alisema. "Niliiunga mimi. Na jina niliandika mimi."

Binti alikichukua kitambaa, akakigeuza. "Kwa hiyo za bei ndizo nzuri?"

"Nyingine unalipia mbwembwe tu, mwanangu, sikudanganyi. Lakini huenda kwenye hiyo bei kuna mtu aliyelipwa aigonge na kuisikiliza. Kwa hii ya baba yako, wa kuigonga nilikuwa mimi. Sikuigonga. Nilionea huruma rangi."

Binti hakulia wala hakumtukana. Angemtukana, Spoku angepumua.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi twende."

Walitembea, Spoku nyuma, foki mkononi. Mjane alikuwa akikunja nguo sebuleni. Alipomwona Spoku, uso ulimchangamka.

"Shemeji! Leo umetukumbuka mapema. Ingia, ingia." Akakivuta kile kiti, akakipangusa kwa kiganja.

Spoku alibaki kizingitini.

"Shemeji, usinipe kiti. Nisikilize kwanza nikiwa nimesimama."