Siku Kobe Walipopakwa Mafuta

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nimezaliwa Nyahanga, nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, nikasomea mifugo, na tangu niajiriwe nimechanja, nimetibu na nimegombana na wenye ng'ombe kuanzia Ibadakuli hadi huku Geita. Mama yangu husema nilizaliwa na pilipili mdomoni, na sijawahi kumbishia. Kwa hiyo nilipoambiwa nitasaidia kupima afya ya kobe wa porini, nilicheka mpaka nikakohoa. Kobe anaumwa nini, jamani? Anatembea polepole, ndiyo dalili yenyewe?

Mtaalamu wa wanyamapori aliyetufundisha hakucheka. Alituletea kobe chapati, na kweli alikuwa bapa kama jina lake, gamba laini ukilibonyeza kwa kidole. Huyu akiona hatari hajifungii kwenye gamba. Anakimbia, tena anakimbia haswa, anaingia kwenye ufa wa jiwe na kujibana humo hata usimtoe. Kila mmoja ana ufa wake na anakaa humo miaka. Nao wanakwisha, kwa sababu watu wanawakamata kuwauza mbali, na mawe wanamoishi yanavunjwa kokoto. Mafunzo yalipomalizika nilikuwa nimewapenda kobe wale, tena sana, na nyumbani walinitania mwezi mzima.

Kilima nilichopangiwa kilikuwa ng'ambo ya Kharumwa, mawe matupu yaliyopandana, na chini yake barabara ya malori na maduara ya zamani, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeshakubaliana jambo moja: ufa wenye kobe utapakwa alama ya rangi nyeupe, na hapo nyundo haigusi tena. Nilipopanda mara ya kwanza kukagua nyufa, brashi ya rangi mkononi, nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa juu ya jiwe pana, kivuli chake cha viroba vilivyoshonwa, miguu imening'inia kwenye ufa, anagonga kokoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha nyundo. Jiwe lile ndilo lililosomesha wanawe. Lilikuwa mahali pekee pa kilima ambapo lori lilifika karibu, na kokoto usiyoweza kuipakia ni kifusi tu. Nilimuuliza kama chini yake kuna kobe.

"Hapa hakuna kobe," akasema. "Hapa kuna mimi."

Nikaandika hivyo kwenye fomu na kuendelea na safari yangu.

Siku mbili kabla ya upimaji wenyewe nilimpigia simu mtendaji wa kijiji, kijana mchapakazi. Nikamwambia Jumanne asubuhi nakuja kukagua kobe, awaandae. Maneno hayo hayo nimeyasema mara mia kuhusu ng'ombe wa chanjo. Sikuyafikiria mara mbili.

Jumanne nikashuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kijiji, nikakuta umati. Watu wamevaa vizuri. Wakinamama wakanipokea kwa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ndefu ndefu, nami nikaitikia huku nikitafuta wameficha nini nyuma ya tabasamu zile. Mtendaji akanishika mkono kwa fahari, akanipeleka uani. Humo, ndani ya beseni moja kubwa la kufulia, walikuwa kobe chapati kumi na mmoja. Walikuwa wameogeshwa kwa sabuni. Walikuwa wamepakwa mafuta ya kujipaka, magamba yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Pembeni waliwekewa ugali, na mtu mwenye huruma zaidi alikuwa ameongeza jani la kabichi.

Nikawaka. Sijui nilisema nini chote, ila najua kuku walitoka uani. Nilisema kobe akinyanyuliwa ovyo anakojoa, na mkojo ule ndiyo maji yake ya kiangazi chote, akiyamwaga anaweza kufa kwa kiu ndani ya ufa wake. Nilisema mmoja akiwa na mafua, sasa wote kumi na mmoja wameshapeana. Nilisema kwamba hakuna ajuaye tena yupi katoka wapi. Nikanyamaza kuvuta pumzi. Mtendaji akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, si ulisema tuwaandae?"

Lo. Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana alikuwa amefanya kila kitu ambacho mfugaji mwema hufanya siku ya daktari, na mimi ndiye niliyemtuma. Nikamwomba radhi mbele ya watu wote, jambo ambalo mume wangu hadi leo haamini kwamba lilitokea.

Basi tukaanza upya. Nikaomba vyombo kumi na moja, kila kobe na chake, na kufumba na kufumbua uwanja ukajaa. Yalikuja mabeseni, masufuria, ndoo iliyokatwa, na makarai ya kuoshea dhahabu yaliyokuwa bado na matope ya duarani. Tukayasafisha, tukatia maji kidogo yasiyofika puani mwa kobe, tukawaloweka ili wanywe na kurudisha walichomwaga. Walikunywa, wapenzi wangu. Walinyoosha shingo na kunywa kama wasafiri wa basi la Dar. Wakinamama wakachuchumaa kuwaangalia, kila mmoja akimsifia aliye kwenye chombo chake. Yule wa sufuria akasemekana ndiye mrembo, mwenye karai akakataa, na ubishi ukawa mkubwa kuliko wa mpira.

Nikawafuta mafuta, nikawapima mmoja mmoja, nikibadilisha glovu kila mara. Macho maangavu, pua kavu, mdomo safi, gamba halina kidonda. Mmoja alikuwa na kupe karibu na mkia, nikamtoa. Kumi wote wazima. Wa kumi na mmoja alikuwa jike kubwa, gamba lina pengo dogo ubavuni, mzito mkononi. Nikaingiza kidole taratibu mbele ya mguu wa nyuma, kwenye ngozi laini, nikagusa kitu kigumu cha mviringo. Nikarudia ili nisijidanganye. Nikawaambia huyu ana yai.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia hata siku ya harusi yangu. Mama mmoja akauliza yai moja tu? Nikajibu moja tu, kwa uzazi mmoja moja linatosha. Akasema basi kobe amewazidi akili watu wengi.

Ikabaki kuwarudisha. Waliowakusanya walikuwa watu wengi, asubuhi na mapema, kwa pupa, na kila mmoja akaonyesha upande wake. Jua lilikuwa linapanda. Ndipo mama wa kokoto akatoka nyuma ya umati na nyundo yake kwapani. Hakusema na mtu. Akapita chombo kwa chombo akiangalia michoro ya magamba. Huyu ni wa jiwe lililopasuka mara mbili. Huyu ni wa karibu na mtini. Hawa wawili wanakaa pamoja, dume ndiye mchokozi. Miaka yote aliyogonga kokoto pale alikuwa akiwaona wakitoka asubuhi kuota jua, na aliwajua kama mtu anavyojua mbuzi wa jirani. Akataja kumi. Alipofika kwa jike mwenye yai akasita.

"Huyu simjui," akasema, akageuka kuangalia barabara.

Tukapanda kilimani, vyombo vichwani, tukawarudisha wale kumi. Kila ufa alioutaja, kobe aliingia kama mtu aingiaye chumbani kwake gizani. Nikabaki na jike kwenye karai, na mama wa kokoto kando yangu. Nikamweleza kwamba naweza kumweka ufa wowote, lakini atatoka kutafuta kwake, na juani hatafika mbali na yai lake lile. Njia iliyobaki ni kumweka chini tumfuate.

"Usimweke chini," akasema. Kisha akakaa kwenye jiwe, nyundo mapajani. "Ni wangu. Yuko chini ya miguu yangu tangu kifungua mimba wangu hajaanza shule. Kiangazi namdondoshea maji kwenye ufa. Nikikwambia, utapaka rangi. Ukipaka rangi, mimi nitakwenda wapi?"

Niliona haya kwa fomu yangu na kwa kale kabrashi kangu ka rangi. Nikamwambia kweli, kwamba sijui atakwenda wapi.

Akamtazama kobe muda mrefu. Akamtoa kwenye karai mwenyewe, chini chini bila kumwinua, kama nilivyowafundisha uani, akamweka mbele ya jiwe lake pana. Kobe akaenda moja kwa moja. Tukasikia gamba likikwaruza jiwe akijibana ndani. Mama wa kokoto akaninyooshea mkono, akataka brashi, akapaka alama nyeupe kwenye kiti chake mwenyewe. Aliipaka nene, si kama zangu.

Nikalia, nasema wazi. Wakinamama walikuwa wametufuata. Kisha yule wa ubishi wa karai akalijaza kokoto kutoka kwenye lundo la mama wa kokoto, akajitwika na kuanza kushuka. Mwenye sufuria akamfuata. Vyombo vile vile vilivyowapandisha kobe vikateremsha kokoto yote hadi kando ya barabara, kwenye marundo ya mawe yaliyotupwa na wachimbaji kutoka maduara ya zamani. Mawe hayo hayakuwa na mwenyewe wala kobe, na lori linapita hapo hapo. Mtendaji alibeba kivuli cha viroba. Mama wa kokoto alitangulia akiwaelekeza wapi pa kumwaga na kuwagombeza waliomwaga vibaya.

Nilirudi baada ya mvua za kwanza. Nilimkuta anagonga pale pale barabarani, na adhuhuri akachukua chupa yake ya maji, akaniambia twende. Kilimani alidondosha maji kifuniko kimoja kwenye ufa. Kitaalamu nilipaswa kumkataza. Sikumkataza. Nikamuuliza kama yule jike hutoka.

"Hutoka ukishaondoka," akasema. "Una kelele, mwanangu."

Nikakaa chini. Nikanyamaza, nadhani kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na yeye akawa ananiangalia kwa jicho la kunipima. Kichwa kikatokeza kwenye ufa. Halafu pembeni yake kikatokeza kingine, kidogo kama kifungo cha koti. Siwezi kuapa kwamba ni cha yai lile. Mama wa kokoto alinishika mkono akaubana, nami sikusema neno.