Picha Iliyotiwa Laminesheni

Juzi, kwenye steshenari moja ya Raskazone, nilimkuta mzee akimkabidhi mwenye duka picha ya mwanamke iliyochorwa kwa krayoni. Aliishika kwa ncha za vidole. Akanieleza kuwa bintiye anamaliza chuo cha sanaa, na kesho yake angewapelekea kazi zake watu wanaotaka kumwajiri.

"Itie laminesheni," akamwambia mwenye duka. "Cheti changu cha udereva kimedumu kwa hiyo."

Mashine ya joto ikaitoa imefunikwa plastiki. Krayoni zilikuwa zimeyeyuka, uso wa mwanamke yule umechuruzika hadi shingoni.

Binti yake akaingia anahema, akiitafuta picha. Akaitazama, akauliza, "Baba, mbona hukuniuliza?"

Mzee akavua kofia. "Niliona haya, mwanangu. Miaka yote ya chuo sijakuuliza kitu. Ningeanzia wapi?"

Binti akamsogezea kiti, akafungua mkoba wake wa picha. "Anzia hii. Niliichora kijijini Mwera."

Wazazi wengi tunalipa ada, tunaomba dua, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa pale kutoa kopi ya fomu ya chuo ya binti yangu. Nikasogea pembeni, nikaisoma nijue anasomea nini.