Kitambaa cha Doreen

Jumamosi hiyo Leonard Tapsell alibakiwa na jaribio moja tu. Katika chama chao cha warusha ndege za kwenye kompyuta, wenzake wote walikuwa wameshatua kwenye ule uwanja mdogo wa mjini London, unaoshukiwa kwa mteremko mkali na maji huku na huku. Yeye alikuwa amepitiliza njia ya kutulia mara mbili. Si kwamba hakujua kurusha. Mandhari mpya ilichorwa vizuri mno, hata kiwanda cha sukari alichofanyia kazi miaka thelathini na mmoja kilikuwepo, upande wa kulia, na bomba lake la moshi. Akikiona tu, macho hayarudi njiani.

"Ukipitiliza tena, jina lako halipandi ubaoni mwaka huu," alisema Clive, mwenyekiti wao.

"Nyamaza wewe! Pale nilibeba magunia ungali unanyonya!"

Mkewe, Doreen, akaweka kikombe chake cha chai chini. Akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akafunika upande wa kulia wa skrini.

"Haya, mume wangu, tua. Kiwanda hakikimbii."

Leonard akanung'unika, akainamisha pua ya ndege, akapunguza mwendo. Magurudumu yakagusa lami, na ndege ikasimama kabla ya kufika majini. Watu wakapiga makofi, Clive akatafuta chaki.

"Sasa ondoa hicho kitambaa," Leonard akamwambia mkewe, akabaki palepale katikati ya njia, akikitazama kiwanda chake.

"Sogeza ndege, mzee wee, umetuzibia uwanja!" akapaza sauti mwenzake mmoja aliyetaka kupaa tena.

Wala hakugeuka.